Waya wa Nne

Mara ya kwanza nilipomwomba kaka yangu amruhusu mume wangu alitengeneze trekta lake, alinijibu bila kuinua uso.

"Achana nalo, dada. Linawaka kwa kusukumwa."

Alikuwa amechuchumaa nyuma ya trekta, ananoa visu vya plau kwa tupa. Kweli lilikuwa linawaka kwa kusukumwa, ila kwa jasho la wanaume wanne kila asubuhi. Betri ilibebwa kwa baiskeli hadi kwenye mashine ya kusaga ili ikachajiwe huko, na ikirudi iliwasha mara mbili au tatu, basi, imekufa tena. Wiki iliyotangulia trekta lilizimika katikati ya shamba la bondeni, mahali tambarare kama meza, likalala huko siku tano.

"Mvua imekaribia," nikasema.

"Naiona."

"Na mwenzako amekaa tu nyumbani. Kazi ipo hapa, fundi yupo pale, na wewe unasukuma chuma kama punda."

Akaacha kunoa. "Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Nimejituma."

"Basi jitume urudi."

Nilirudi nimevimba kwa hasira. Wakati ule nilidhani najua kwa nini anakataa.

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari na mashine, na watu walimwita Volti tangu kabla sijaolewa naye. Trekta lile lilikuwa limempofusha mwaka mmoja na miezi minne kabla ya siku hiyo. Lilianza kuunguza balbu. Leo taa ya mbele, kesho ya nyuma, kisha betri ikawa inachemka na kunuka kama mayai viza. Kaka akamwita. Volti akawasha injini, akasikiliza, akazima, akainama na spana kulegeza kishikio cha betri. Betri inayochajiwa kupita kiasi hutoa hewa inayoshika moto upesi kuliko gesi ya kupikia. Spana ilipogusa chuma ikatoa cheche, na betri ikalipuka usoni pake. Asidi iliingia macho yote mawili. Kaka alimmwagia maji ndoo baada ya ndoo mpaka viganja vyake mwenyewe vikababuka. Hospitalini walimfunga bandeji wiki sita. Walipozifungua, jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibaki kutambua mchana na usiku, na baada ya miezi miwili nalo likazima.

Ugomvi ulianzia palepale kitandani. Miezi miwili kabla ya mlipuko, ni Volti mwenyewe aliyelitengeneza trekta hilo, wakati lilipokuwa halichaji kabisa. Alifunga regyuleta mpya, kile kiboksi kidogo kinachoizuia altaneta, mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, isitoe umeme mwingi kuliko betri inavyoweza kubeba. Na Volti alikuwa na neno lake alilopenda kuwaambia wateja: kazi yangu hairudi. Kwa hiyo, kama mfumo ule ulianza kupika betri baada ya yeye kuufunga, lazima kuna mtu aliyechezea nyaya zake. Na trekta lilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

Alimwambia hivyo kila aliyekuja kumjulia hali. Akawaambia majirani, wateja wa zamani, hata muuguzi aliyekuwa akimbadilishia bandeji. Kaka alijibu mara moja tu: "Sijagusa hata waya mmoja, shemeji." Baada ya hapo hakujibu tena. Volti aliuchukua ukimya ule kuwa ni kukiri kosa. Mimi pia.

Baada ya mavuno kaka alituletea magunia mawili ya mahindi. Volti akaniambia niyarudishe. Niliyapakia kwenye toroli, nikayasukuma hadi kwa kaka, nikayashusha mlangoni pake mbele ya mama yetu, ambaye anaishi naye.

"Una hakika, mwanangu?" mama akaniuliza.

"Mwenye macho yake ndiye mwenye hakika," nikamjibu. Nilijiona nimesema neno kubwa.

Mimi ni fundi cherehani. Kukaa na kumtazama mwanaume wa miaka arobaini na moja akizungusha kikombe kitupu mezani tangu asubuhi hadi jioni kulinishinda, ndipo siku moja nikaweka redio mbovu mapajani mwake nikamwambia, wewe sema, mimi nitafanya. Tulianza hivyo. Anakaa kwenye kigoda, mimi ninakaa chini na bisibisi, ninamtajia rangi na namba, yeye ananiambia niguse wapi. Redio, kisha pasi, kisha pampu ya maji ya jirani. Mikono iliyozoea uzi haikupata tabu sana na waya. Lakini wateja walikuwa wa kuhesabu. Kinyozi wa pale njiapanda alisema fundi kipofu akiungana na fundi cherehani, umeme utapigwa pindo. Tulipoletewa maneno hayo tulicheka, maana yalichekesha. Volti ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Nilipomsimulia jinsi kaka alivyonifukuza, niliona uso wake ukibadilika. Alikaa wima.

"Anaogopa," akasema. "Anajua nikiligusa lile trekta nitaona alichokifanya."

Tangu saa ile hakuwa na habari nyingine. Chakula kikipoa, trekta. Watoto wakirudi shule, wale pacha wetu, wakimwonyesha daftari kwa kumtia kidole juu ya karatasi, yeye trekta. "Mama Pacha, rudi kwake. Mwambie sitaki chochote. Nataka kulipima tu." Nilirudi mara ya pili, kaka akakataa. Mara ya tatu mama alikuwa amekaa kizingitini, na kabla kaka hajafungua mdomo, mama akamwambia, "Sasa basi. Imetosha."

Kaka alimtazama mama muda mrefu. "Njooni kesho asubuhi," akaniambia.

Trekta lilikuwa chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba. Rangi yake nyekundu ilishafifia ikawa kama matofali, na kiti chake kilikuwa kimefunikwa gunia la mbolea lililokunjwa mara nne. Nilimwongoza Volti mpaka mkono wake ukagusa tairi la nyuma. Alilipapasa kuelekea mbele, polepole, kama mtu anayeingia chumba alichowahi kulala: tangi la mafuta, bomba la moshi, boneti. Alipofika mahali pa betri mkono ukasimama hewani, kisha ukapita bila kugusa.

Kaka alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, mikono mfukoni.

"Mita inasemaje?" Volti akaniuliza nilipokwisha kushikiza kipimo chetu cha umeme kwenye betri.

"Kumi na mbili na nukta tatu."

"Betri ni nzima. Mwambie awashe."

"Nimesikia," akasema kaka.

Injini ikawaka, banda zima likatetemeka. Volti alinielekeza kwa kunipigia kelele sikioni. Kwanza mita wakati injini inazunguka: kumi na mbili na nukta moja, na inashuka. Kisha ikazimwa, nikabonyeza mkanda wa altaneta katikati kwa kidole gumba. Uliingia kiasi cha upana wa kidole. Huo ulikuwa sawa.

"Ama altaneta haitoi, ama inatoa na umeme haufiki," akasema. "Shika waya mnene unaotoka nyuma yake. Usiutazame, ufuate kwa vidole. Macho hudanganya kwenye waya."

Nikaufuata. Ulipita chini ya tangi, ukajificha nyuma ya bomba, na hapo vidole vyangu vikakutana na ncha. Nyingine ilikuwa jirani yake. Zote mbili zilifungwa vipande vya mfuko wa nailoni na kuzungushiwa tepu.

"Umekatwa," nikasema. "Kwa koleo. Ncha zimefungwa."

Volti aligeuza uso kuelekea pale aliposikia pumzi ya kaka. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu hospitalini.

"Nani alikata?"

"Fundi wa mjini. Nilimleta baada ya ajali, betri ya pili ilipoanza kuchemka. Alisema bila kukata itaua betri zote."

"Alikwambia kwa nini inaua?"

"Alisema mengi."

Volti akatikisa kichwa taratibu, kama hakimu. Alikuwa na furaha. Ninasema hivi kwa sababu niliiona, na kwa sababu nilikuwa nimeikosa mwaka mzima: midomo yake ilikuwa inacheza, na mikono ilikuwa haitulii magotini. Akaniambia nimenye zile ncha, nizisokote, nizibane kwa kiungio cha skrubu, nizungushie tepu. "Sasa tutaona mnyama wenyewe."

Tulifunika betri kwa gunia lililoloweshwa. Mimi nilisimama nyuma ya tairi kubwa, nimeshika mita yenye nyaya ndefu, na Volti nikamweka nyuma yangu. Kaka akawasha.

"Kumi na tatu," nikapaza sauti. "Kumi na nne. Kumi na nne na nusu."

"Inapaswa kusimama hapo."

"Kumi na tano. Kumi na tano na nukta sita."

"Endelea."

"Kumi na sita na nukta nane, Baba Pacha, na bado inapanda."

"Zima!"

Kaka akavuta kishikio cha kuzimia. Kukawa kimya, na katika ule ukimya tukasikia betri ikichemka chini ya gunia, mlio mdogo kama wa sufuria inayoanza kutokota. Kisha harufu ikaja. Mkono wa Volti ulipanda wenyewe usoni na kufunika macho. Nilitaka kumshika, akanizuia kwa kiwiko.

"Altaneta ni nzima," akasema alipoweza kusema. "Haina wa kuizuia, hilo tu. Nipeleke kwenye kiboksi. Hapo ndipo walipoweka mikono yao."

Kiboksi kilikuwa upande wa kushoto, chini ya dashibodi. Zamani kilifungwa kwenye bamba la chuma, bamba likaoza kwa kutu, na Volti alipoweka kipya alikipigilia juu ya kipande cha ubao. Nililala chali juu ya gunia ili nikione. Yeye alichuchumaa karibu na kichwa changu.

"Kuna nyaya ngapi?"

"Tatu."

"Nne."

"Tatu, Baba Pacha. Kuna wa kijani, wa njano na mwekundu."

"Wa kijani unaenda altaneta, wa njano swichi, mwekundu betri. Kuna mweusi, unaofungwa kwenye bodi ya trekta. Kiboksi kimekaa juu ya ubao, na ubao haupitishi umeme, kwa hiyo bila mweusi hakiwezi kupima kitu. Kinaiachia altaneta itoe yote. Huo ndio walioutoa. Utafute."

Niliingiza mkono nyuma ya ubao. Kulikuwa na vumbi la mafuta na utando wa buibui. Waya mweusi ulikuwa umerudishwa nyuma na kuchomekwa chini ya bomba ili usisumbue. Nikauvuta hadi kwenye mwanga.

Ncha yake ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi mara tatu, na mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa, sehemu ndogo kama ukucha, ukajigandia wenyewe kwa ndani.

Nimeishi na mkunjo huo miaka kumi na mitatu. Uko kwenye waya wa pasi yangu, kwenye waya wa cherehani, kwenye redio ya chumbani. Mafundi wengine hukata tepu na kuibandika, basi. Volti huukunja mwisho wake, ili atakayekuja kuifungua baadaye asihangaike na kisu. Mtu anafunga tepu hivyo pale anapofunga kitu kwa muda, anakusudia kukirudia. Siku ile ya kutengeneza, alikuwa ameutoa waya mweusi ili altaneta itoe nguvu zake zote, apate kujua kama ni nzima. Alipojua, akafunga kiboksi kipya, akarudisha nyaya tatu, akaondoka.

Nililala pale nikiutazama. Kwa pembeni niliviona viatu vya kaka yangu. Havikusogea.

"Umeupata?" Volti akauliza.

"Nimeupata."

"Ukoje?"

"Umechomoka."

"Umechomoka wenyewe?"

"Nadhani. Mtikisiko."

"Ncha yake ikoje?"

"Ina kutu," nikasema.

Amenijua kwa sauti kuliko watu wengi wanavyojua wake zao kwa sura. "Mama Pacha," akasema, "nipe."

"Ngoja kwanza niisafishe."

"Nipe waya."

Nikauchukua mkono wake nikauweka pale. Kidole gumba na cha shahada viliishika ncha, vikaizunguka, vikaupata ule mkunjo. Vikasimama. Kisha vikaupapasa tena, mara moja tu, kutoka mwisho wake hadi unapoanzia. Niliona rangi ikimtoka usoni kuanzia kwenye midomo.

Kuku alipita chini ya trekta, akadonoa, akatoka upande wa pili.

"Menya," akasema hatimaye. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Isugue bodi kwa msasa mpaka ing'ae. Funga hapo. Kaza."

Nilifanya hivyo. Niliangusha nati mara mbili, na mara zote mbili alisubiri. Kaka akawasha. Mita ilipanda hadi kumi na nne na nukta mbili, ikasimama.

"Aongeze moto," akasema Volti.

Kaka akaongeza. Injini ikanguruma. Kumi na nne na nukta mbili. Haikusogea.

Volti alinyanyuka kwa kushika tairi, akasogea kuelekea upande wa usukani, mkono mmoja mbele, mpaka akagusa goti la kaka.

"Niliuacha mimi," akasema.

Injini ilikuwa bado inanguruma. "Nini?" kaka akauliza, akainama.

"Niliuacha mimi waya!"

Wale wanaume wanne waliokuwa wakisukuma trekta walikuwa wamekaa ukutani wanasubiri kazi. Wote walisikia. Kaka akavuta kishikio, injini ikakohoa na kuzima.

"Najua, shemeji," akasema.

Nilikuwa bado nimekaa chini, mita mkononi. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Tangu lini?" Volti akauliza.

"Tangu fundi wa mjini. Alinionyesha siku ileile."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa na bandeji machoni. Ningekwambiaje? Ningekuja hospitali nikwambie nini?"

"Zilitolewa."

"Zilitolewa, na huoni. Ikawa vigumu zaidi."

"Nilikusema kwa watu," Volti akasema. "Kwa kila mtu."

"Nilisikia."

"Nani mwingine anajua?"

Kaka akanitupia jicho, na hapo nikajua. "Mama," akasema.

Kumbe walijua. Siku niliyoshusha yale magunia mlangoni na kusema neno langu kubwa, mama alikuwa anajua, na kaka nyuma ya mlango alikuwa anajua. Waliniacha niseme. Nilishikwa na aibu, na nyuma ya aibu ikaja hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza, kwa maana kama wangeniambia mimi peke yangu, ningejua la kufanya. Au labda nisingejua.

"Kwa nini hukuufunga tu?" nikamuuliza kaka. "Ungeufunga, ungepata trekta lako, na sisi tusingeona kitu."

Akashuka kwenye kiti. Aliviangalia viganja vyake, vyenye makovu yale meupe. "Mwanzoni niliogopa kugusa chochote mle, hata fundi wa mjini nilimkatalia asiufunge, ndipo akakata ule mnene. Halafu jana jioni, baada ya kuwaambia mje, nilichukua spana. Nikafika mpaka kwenye ubao, nikaushika. Kisha nikauacha." Akairudisha mikono mfukoni. "Nimechoka, dada. Nimechoka kuwa mimi ndiye mkosaji."

Volti aliinamisha kichwa. "Ungeniambia," akasema. "Ungenipiga. Ungenitukana mbele za watu. Wewe umenionea huruma mwaka mzima, na mimi ninakutapikia."

"Sikujua la kufanya, shemeji."

"Sawa."

Kaka alitaka kuturudisha kwa trekta, kwa kuwa sasa lilikuwa linawaka. Volti akakataa, tukatembea. Ni mwendo wa nusu saa kupita kando ya mashamba, na hakuzungumza mpaka tulipovuka mfereji. Hapo akanibana mkono.

"Ulitaka kunidanganya."

Ningeweza kutafuta maneno. "Ndiyo," nikasema.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Na ili nisiwe mimi wa kukwambia."

"Usifanye hivyo tena. Nimebaki na macho yako tu. Yakianza kunificha vitu, nitakuwa nimekaa gizani na mtu nisiyemjua."

Nilimwahidi. Hakusema kama amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Sitaki mtu adhani mambo yalitengemaa. Kaka alilima mashamba yake yote kabla ya mvua, hilo ni kweli. Lakini Volti alikaa siku nane bila kugusa kifaa chochote. Zamani, alipoamka asubuhi, alikuwa na mtu wa kumchukia, na chuki ile ilimvalisha shati na kumtoa nje. Sasa aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mpaka jua linaingia chumbani. Pacha mmoja aliniuliza kama baba anaumwa tena. Nikamwambia ndiyo, maana sikuona neno lingine.

Siku ya tisa akaomba shati safi. "Nipeleke kwa wale niliowaambia," akasema.

Tulikwenda nyumba kumi na moja, kwa siku tatu. Mvua ilikuwa imeanza na njia zilikuwa tope tupu. Kila tulipofika alikataa kiti. Alisimama na kusema maneno yaleyale: shemeji yangu hakugusa kitu, waya niliuacha mimi, niliyoyasema nimeyafuta. Watu hawakupenda kuyasikia. Walimkatiza, wakasema aa, Fundi, hayo yamepita, kunywa chai. "Hayajapita," alijibu. "Nisikilize nimalize." Akimaliza tunaondoka. Kwa kaka na mama tulifika pia. Kaka alimshika mkono wakakaa hivyo, wanaume wawili wasio na la kusema, mpaka mama akamwita kaka aje amsaidie kuinua pipa la maji. Sasa wanasalimiana, wanaulizana hali za watoto. Hawajawahi kufika mbali zaidi ya hapo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kinyozi. Kibandani palikuwa na wateja wawili, mmoja amenyolewa nusu. Volti alisema maneno yake akiwa mlangoni, maji yakimchuruzika mabegani. Kinyozi alisikiliza na mashine ikiwa imezimwa mkononi, kisha akasema, "Tumekuelewa, Fundi. Mungu akusaidie."

Tulipofika barabarani Volti akauliza, kama alivyouliza baada ya kila nyumba, "Uso wake ulikuwaje?"

Kwenye nyumba nyingine nilimwambia nilichoona. Huyu alitazama chini, yule alilia kidogo, mke wa yule alikuwa akiangalia saa. Safari hii magari mawili yalipita yakitumwagia tope kabla sijasema.

"Alikuwa anacheka," nikasema. "Alimkonyeza aliyekuwa kwenye kiti. Wakacheka wote wawili, bila sauti."

Volti alitembea hatua kadhaa.

"Sawa," akasema, akanishika begani vizuri zaidi, kwa sababu njia ilikuwa inateleza. Nikamwambia kulia kuna shimo, tupite kushoto, tukapita kushoto.